Alaska na bi mkubwa: usianze na jina la kampuni, anza na ramani

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mombasa anayeishi Minneapolis, nimelikata kidogo manake lilikuwa refu: "Nina grini kadi, watoto wangu wawili wa miaka 9 na 13 ni raia wa hapa. Mwakani Julai mamangu wa miaka 68 atakuwa huku kwa visa ya matembezi na nataka nimpeleke Alaska kwa meli. Nimechanganyikiwa kati ya Holland America, Princess, Norwegian na Royal Caribbean, na kazini kuna mtu ananiambia niachane na zote nichukue meli ndogo. Kasino na disko hatuna haja nazo, tunataka barafu, nyangumi na milima. Mama ana magoti mabovu, anakula halali tu, na bahari chafu humlevya. Tuchukue ipi?"

Dada, kwanza mfikishie bi mkubwa shikamoo yangu. Pili nikwambie natokea wapi ili ujue maneno yangu uyapime vipi: nimetandika vitanda kwenye meli za kruzi misimu saba, minne kati ya hiyo Alaska, na sasa niko hapa kusini mwa Seattle kazi yangu ni kupangia watu safari, wengi wao watu wetu wa Afrika Mashariki wanaotaka kuwatembeza wazazi. Yaani Alaska niliiona kwanza kupitia kidirisha cha duara chini huko karibu na maji, ndio baadaye nikaiona nimesimama sitahani na koti langu mwenyewe kama mtu na hela zake.

Na kitu ninachomwambia kila mtu ni hiki kimoja, wengi hawakipendi manake wanataka nitaje jina tu wakalipe: kampuni iwe ya mwisho, njia ndio ya kwanza. Hizo nne ulizotaja ukishaingia ndani zimefanana kuliko matangazo yanavyokwambia, kitanda ni kitanda, bufee ni bufee, chai ni ile ile ya kuchovya, lakini moja itakuingiza Glacier Bay, ile ghuba ya barafu ya Alaska, mkae humo karibu siku nzima na nyingine ya bei ile ile wiki ile ile haitasogea hata mlangoni, na hilo kwenye tangazo hulioni kwa sababu wote wameweka picha ile ile ya barafu ya buluu na mtu ameshika kikombe.

Ila kabla ya barafu kuna visa, na hapa nitakaa kidogo, nivumilie.

Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli yenye bendera ya nchi nyingine kuchukua abiria bandari moja ya Marekani ikawashushe bandari nyingine ya Marekani. Ikitoka Seattle ikarudi Seattle sawa, lakini lazima njiani iguse nchi ya nje. Na meli kubwa zinazokwenda Alaska karibu zote zimesajiliwa nje, Bahamas, Bermuda, Uholanzi na kwingineko. Ndio utaona kwenye ratiba za Seattle kuna Victoria, Canada, mara nyingi usiku wa mwisho kwa masaa machache tu, watu wanadhani ni zawadi ya kuwaonyesha maua kumbe meli inatimiza sheria ya enzi za meli za mvuke. Na zile zinazoondokea Vancouver zenyewe zinaanza safari Canada. Kwa hiyo kwa meli kubwa Canada huiepuki, upende usipende.

Wewe hapo huna tatizo, grini kadi yako na pasipoti yako halali zinakutosha kuingia Canada bila visa, na watoto wana pasipoti za hapa. Mama ndio kazi. Pasipoti ya Kenya inahitaji visa ya Canada, na ile hesabu ya "mama hatashuka Victoria, atabaki kabini apumzike" haipo, manake meli ikiingia Canada na yeye ameingia. Nimemshuhudia mzee wa watu hapa Seattle, suti mpya, sanduku jipya, anarudishwa kwenye kaunta ya gatini kwa sababu ya karatasi hiyo moja, na watoto wake watatu wamesimama hawajui waende au wabaki. Walibuku wenyewe usiku kwenye simu, hakuna aliyewauliza mzee ana pasipoti gani.

Kwa hiyo mama aombe visa ya Canada mapema, mie huwaambia watu waanze miezi sita kabla manake kuna alama za vidole na kuna kusubiri, na kama bado yuko Mombasa aanzie huko huko. Halafu itazame na visa yake ya Marekani, pale palipoandikwa idadi ya kuingia. Ikiwa ni herufi M, anaweza kutoka na kurudi mara nyingi. Ikiwa ni moja tu basi simama hapo hapo, usitoe hata depoziti, kaongee na wakili wa uhamiaji, manake akishaenda Canada ndio ametoka Marekani na masharti haya siku hizi yanabadilika kama hali ya hewa. Na mkichagua kuondokea Vancouver jueni maofisa wa uhamiaji wa Marekani wako pale pale gatini Canada Place, mnakaguliwa kabla ya kupanda, foleni ni ndefu, mama apatiwe kiti cha magurudumu hata kama anasema hakitaki.

Visa ya Canada ikigoma je? Usilie bado. Meli ndogo zenye bendera ya Marekani sheria ile haizigusi, zinaanzia Juneau zinamalizia Juneau au Sitka au Ketchikan, zote bandari za Alaska, na Canada hazioni hata kwa mbali, unaruka Minneapolis mpaka Seattle halafu Seattle mpaka Juneau, yote ni ndani ya nchi moja. Na ipo njia ya maskini ambayo mie binafsi naipenda sana, feri za serikali ya jimbo la Alaska, zimeanza 1963, zinaondokea Bellingham kaskazini mwa Seattle, zinakwenda moja kwa moja mpaka Ketchikan kama siku moja na nusu baharini, wenyeji wanapakia magari na mbwa na friji, na vijana wanapiga hema kwenye sitaha ya juu wanalala humo. Fikiria feri ya Likoni lakini inakwenda siku moja na nusu na pembeni mwake milima ina theluji. Kwa mama wa magoti sisemi ndio chaguo la kwanza, ila kabini zipo, na chakula cha moto kipo.

Haya, tuchukulie visa imetoka. Sasa barafu.

Kinachowapeleka watu kule ni barafuto, yaani mito ya barafu inayotambaa kutoka milimani mpaka baharini. Glacier Bay ndio yenye jina, na historia yake peke yake inatosha kumnyamazisha mtu. Mwaka 1794 watu wa nahodha Mwingereza George Vancouver walipopita, barafu ilikuwa imefika karibu na mdomo wa ghuba, hakukuwa na ghuba ya kuingia. John Muir, mpenda mazingira wa Marekani, alipofika 1879 barafu ilikuwa imesharudi nyuma makumi ya kilomita, na leo unaingia ndani zaidi ya kilomita mia moja ndio uikute. Ni kwao Watlingit wa Huna, wenyeji wa asili, ambao barafu ilivyokuja mbele iliwafukuza vijijini mwao. Sasa ni hifadhi ya taifa na meli kubwa zinazoruhusiwa ni mbili tu kwa siku, mbili, na marenja wa hifadhi wanakuja kwa boti ndogo wanapanda kwa ngazi ya kamba meli ikiwa inaenda, wanakaa na nyinyi mchana kutwa wanaelezea kwa spika. Mbele ya barafuto ya Margerie meli inasimama kama saa nzima inajigeuza taratibu ili pande zote mbili zione, ukuta wenyewe unatoka majini kama ghorofa ishirini, na utaona kipande kinaanguka kimya kimya halafu ndio mlio unakufikia, mpaka sauti inafika macho yameshamaliza kuona. Mara ya kwanza nilidhani masikio yangu yana kasoro.

Nafasi hizo mbili za siku zimegawiwa, na fungu kubwa wanalo Holland America na Princess, ambao ni tajiri mmoja, Carnival, na Norwegian nao wana zao. Royal Caribbean kwa kawaida haingii, inawapeleka watu kwenye barafuto ya Hubbard au Endicott Arm. Si kwamba ni vibaya! Hubbard ni dubwana, uso wake una upana wa kama kilomita kumi na ni moja ya chache ambazo bado zinasonga mbele badala ya kurudi, ila kuikaribia kunategemea vipande vya barafu vilivyotapakaa mbele, kuna siku nahodha anageuza mkiwa mbali na hakuna cha kufanya. Endicott Arm ni mfereji mwembamba, kuta za mawe pande mbili na maporomoko ya maji, pazuri sana, na huko nako meli kubwa mara nyingine haifiki mwisho. Jirani yake Tracy Arm ndio ilikuwa ikitajwa sana, lakini Agosti 2025 mlima uliporomoka karibu na barafuto ukarusha wimbi kubwa ajabu, kampuni nyingi zikahamishia ratiba Endicott, kwa hiyo ukiona ukurasa wa zamani unakusifia Tracy Arm angalia umeandikwa lini.

Kwa hiyo sheria yangu kwa anayekwenda mara moja maishani, na mama wa miaka 68 anayetoka Mombasa tuwe wakweli huenda ndio mara yake moja, ni Glacier Bay iwemo. Na usitegemee jina la kampuni, fungua ratiba ya tarehe yako mwenyewe usome maneno "Glacier Bay" kwa macho yako, manake kampuni ile ile meli ile ile wiki hii inaingia na wiki ijayo haiingii.

Sasa bahari, hii watu huwa hawaijui kabisa. Kutoka Vancouver meli kwa kawaida inapita ndani, kati ya kisiwa cha Vancouver na bara, maji yametulia kama bwawa, misitu kulia misitu kushoto, siku ya kwanza nzima mnaangalia. Kutoka Seattle nyingi zinatoka nje ya kisiwa, Pasifiki yenyewe, siku nzima kwenda na nyingine kurudi, hakuna kisiwa cha kukukinga, na siku bahari ikiamka utakumbuka boti ya Unguja wakati wa kusi. Mama hulevywa na bahari umesema. Hapo Vancouver imeshashinda bila mie kusema kitu, ingawa Seattle nauli ya ndege ni nafuu na ndio sababu watu wengi wanaichagua wanakuja kujuta siku ya pili na mfuko mkononi.

Ipo na safari ya kwenda tu bila kurudi, Vancouver mpaka Whittier au Seward, halafu treni ya vioo mpaka Denali. Princess na Holland America wamejikita huko, wana mahoteli yao na mabasi yao. Mlima Denali una mita 6,190, unaupita Kilimanjaro, na kama Kilimanjaro unapenda kujifunika, wengi wanakwenda wanarudi hawajauona. Nzuri, ila inavuka Ghuba ya Alaska ambayo ni bahari wazi, inaongeza siku, inaongeza kupakia na kupakua masanduku, na mama wa magoti kila asubuhi basi jipya... mie kwenu nyie naiacha.

Haya sasa majina, haraka haraka.

Holland America wako Alaska tangu 1947, meli zao ni za wastani, nyingi kati ya abiria elfu moja mia nne na elfu mbili mia saba, watu wazima wengi, kelele kidogo, muziki wa kinanda, na ndani ya Glacier Bay wanapita sitahani wanagawa supu ya njegere ya Kiholanzi ya moto, muulize mpishi kabla mama hajaonja manake kwa kawaida ina nguruwe. Watoto chumba chao kipo lakini hakina makeke, yule wa miaka 13 siku ya tatu atakwambia amechoka. Princess ni ndugu yake aliyechangamka kidogo, meli kubwa zaidi, nyingine zinafika abiria elfu tatu na mia sita hivi, ila zina nafasi nyingi nje, wanaleta watoto wa mbwa wa kuvuta sleji melini watoto wawashike, na ratiba ya kula haikubani. Norwegian meli zake mpya kule ni abiria elfu nne, ina mpaka uwanja wa vigari vya mashindano juu ya sitaha, jamani, umetoka kwenu mpaka Alaska kuendesha kigari cha mduara. Lakini watoto watakuambia ndio bora kuliko zote. Jambo moja la Norwegian ambalo lazima ulijue: Ketchikan nyingi zinatia nanga Ward Cove, kilomita kama kumi na moja nje ya mji, mnapanda basi kwenda na kurudi, abiria wa kampuni nyingine wanashuka mjini moja kwa moja wanatembea. Kwa mtu mwenye saa sita tu bandarini basi hilo linakula muda. Royal Caribbean nayo ni mji unaoelea, meli kama Ovation ina kibanda cha kioo kinachoinuliwa na mkono wa chuma mpaka kama mita tisini juu ya bahari, hicho nakiri ni kitu, ukiwa mbele ya barafu unaiangalia toka juu kama tai. Ila barafu ya Glacier Bay ndio hiyo haimo.

Ukubwa wa meli una maana nyingine pia ambayo si ya ndani. Skagway ni kimji cha watu elfu moja na kidogo, kikishukiwa na meli tatu nne asubuhi moja hakuna pa kukanyaga. Juneau wenyeji wamechoka mpaka wakakubaliana na kampuni zisizidi meli tano kubwa kwa siku kuanzia 2024. Kabla hujabuku tafuta kalenda ya bandari ya siku yako, ziko wazi mtandaoni, uone mtakuwa na nani. Mie nimewahi kuhamisha familia nzima kutoka Jumanne hadi Ijumaa kwa sababu hiyo tu na walinishukuru.

Huyo wa kazini kwako anayekwambia meli ndogo hajakosea, na ningekuwa mimi peke yangu na hela ninazo ningekwenda na UnCruise au Lindblad bila kufikiri mara mbili, meli za watu sabini, themanini, mia, nahodha akisikia kuna nyangumi anakata kona anazima injini mnakaa hapo mpaka nyangumi wachoke wao. Lakini tizama watu wako. Maisha ya meli ndogo ni kupanda na kushuka boti za mpira, kutembea msituni kwenye matope na mizizi, nyingi hazina lifti, na bei kwa mtu mmoja inaanzia kwenye maelfu ya dola ambayo kwa meli kubwa ingewabeba nyote wanne vyumba vya ndani. Mama atabaki sebuleni na chai anawaangalia mkiondoka kila asubuhi. Isipokuwa Canada imekataa, hapo hesabu inageuka.

Chakula. Meli kubwa zote zina mtu wa mahitaji maalum, unamwandikia mapema, miezi miwili mitatu kabla, usingoje kufika, useme nyama halali kwa abiria fulani kabini fulani, ukijibiwa uchapishe hiyo barua uende nayo. Halafu usiku wa kwanza tu muone msimamizi wa mkahawa uso kwa uso, manake barua za ofisini na jiko ni dunia mbili, mie nilikuwa dunia ya chini najua. Wengi wa wafanyakazi ni Waindonesia na Wafilipino na Wahindi, Waindonesia wengi ni Waislamu, mama akitoa salamu tu utashangaa vile sahani itakavyokuja. Na hata nyama ikikosekana, huko samaki ndio kwao, samoni na halibuti, mtu wa Mombasa hafi njaa penye samaki, ila abebe pilipili yake.

Swala nayo mwambie mapema asije akashtuka. Julai mwanzoni Juneau jua linachomoza kama saa kumi alfajiri na kuzama kama saa nne usiku, kwa hiyo Magharibi ni saa nne usiku na giza lenyewe halikamiliki, Isha na Alfajiri zinakaribiana sana, amuulize ustadhi wake kabla hajaondoka afuate hesabu ipi. Na kibla kutoka kule ukifuata njia fupi ya duara la dunia kinakuwa karibu kaskazini, si mashariki kama wengi wanavyodhani. Meli ikiwa inajigeuza mbele ya barafu, hapo atajua mwenyewe na Mola wake.

Kabini: kwa mama chukua yenye roshani, katikati ya meli, sitaha za chini chini, hapo mtikiso ni mdogo. Ndio ni ghali, lakini mtu asiyeweza kusimama muda mrefu kwenye baridi atakaa na blanketi lake na kanga yake anaangalia dunia inapita, hiyo ndio safari yake. Watoto na wewe mkilala chumba cha ndani kisicho na dirisha upande wa pili wa korido hamtakufa, mchana wote mtakuwa kwake.

Bandarini usinunue kila kitu wanachokuuzia melini. Pesa yako weka kwenye nyangumi, Juneau au Icy Strait Point, mchukue boti yenye chumba cha ndani chenye joto na choo, ni dola mia na hamsini na kwenda juu kwa mtu mmoja lakini Julai wale nyangumi wenye nundu wako pale wanakula, wanatoka Hawaii walikoshinda na njaa msimu wote wa baridi. Mama atakwambia nyangumi hata Watamu wapo, na kweli wapo, Julai hiyo hiyo wanapita wengine wanaotoka Antaktika, sasa atakuwa amewaona wa kaskazini na wa kusini. Skagway mpandishe ile treni ya White Pass, iliyojengwa 1898 hadi 1900 wakati wa wazimu wa dhahabu, inapanda mpaka karibu mita 870 na yeye ameketi kwenye kiti, magoti hayajui kitu. Chukueni ile inayofika kileleni na kurudi tu. Juneau kuna barafuto ya Mendenhall inafikika kwa basi. Helikopta ya kutua juu ya barafu ni dola mia nne na zaidi, ikiwa na ukungu wanafuta, mie sijawahi kumshauri mtu wa watoto wawili. Ketchikan mvua inanyesha karibu kila wakati, mwaka mzima ni kama milimita elfu tatu na mia nane, tembeeni taratibu mwone nguzo za kuchongwa za Watlingit, hiyo haina bei kubwa.

Julai ni mwezi mzuri kwenu, nyuzi joto kama kumi na tano mpaka kumi na nane siku nzuri, dubu wanaanza kushuka mitoni kwa ajili ya samoni. Taa za kaskazini, ile mianga ya kijani angani, hamtaziona, usiku haupo, anayekuuzia Julai na picha ya taa za kijani anakudanganya. Kwenye bajeti ongeza bakshishi, dola karibu ishirini hivi kwa kila mtu kwa kila siku, inakatwa hata kwa mtoto wa miaka 9, na bima ya matibabu ya mama iwe na kipengele cha kusafirishwa kwa ndege, daktari wa melini yupo na bili yake ipo.

Na mfike siku moja kabla. Nilikuwa na wateja waliokuja Seattle na ndege ya asubuhi ya siku ile ile, ikachelewa, meli ikaondoka, wakasema basi tutaidaka Ketchikan. Hawakuruhusiwa, sheria ile ile ya 1886, wangekuwa wamebebwa kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine. Wakarudi nyumbani.

Kwa hiyo ningekuwa ni mimi na mamangu: Holland America, kwenda na kurudi Vancouver, siku saba, Glacier Bay imeandikwa. Watoto wakipiga kura mkashindwa, basi Princess, na hapo kuna uwezekano mkashikwa na Seattle na ile bahari ya nje, mnunulieni mama dawa ya kichefuchefu aimeze kabla meli haijang'oa nanga, asisubiri mpaka imeanza. Norwegian yenye Glacier Bay ni ya tatu. Royal Caribbean mwende nyinyi watatu mwaka mwingine, mama akiwa amesharudi Mombasa.

Koti la mvua lililo na kofia, soksi za sufi, darubini mbili, moja ni ya mama peke yake manake ikishafika kwa yule wa miaka 9 hairudi. Ukishapata jibu la visa ya Canada niandikie tarehe zenu nikuangalizie kalenda ya Juneau na Skagway, kabla ya hapo usilipe.